Ziwa la Kabaka, Kampala: mwongozo kamili wa kulitembelea, kuanzia Bulange hadi ukingoni

Ziwa la Kabaka liko bondeni kati ya Mengo na Ndeeba, kusini-magharibi mwa kitovu cha Kampala. Lilichimbwa kwa mikono kati ya mwaka 1885 na 1888 kwa amri ya Kabaka, yaani mfalme, Mwanga II wa ufalme wa Buganda. Wageni wengi hupelekwa na bodaboda moja kwa moja hadi ukingoni, wakatazama maji ya kijani na nyasi zilizoota pembeni, wakapiga picha mbili, wakaondoka wakijiuliza walichokuja kuona. Ukifika hivyo, kweli hakuna kikubwa. Ziwa hili ni sehemu ya kasri, na asiyepitia kasri kwanza haelewi kwa nini mfalme alitaka maji mahali hapo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia Bulange, jengo la Bunge la Buganda, unapita barabara ya kifalme na Lubiri, yaani kasri lenyewe, ndipo unashuka ziwani. Tenga nusu siku, au siku nzima ukitaka kwenda hadi Munyonyo, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria.

Hatua ya kwanza: jua kisa kabla hujatoka nyumbani

Sehemu hii usiiruke, maana ukingoni hutakuta maelezo ya kutosha.

Mwanga alikalia kiti Oktoba 1884, baada ya baba yake Mutesa I, akiwa kijana wa miaka 16 hivi. Mwaka uliofuata alijenga makao yake kwenye kilima cha Mengo. Ikulu aliyoirithi ilikuwa imegawanyika. Kulikuwa na vijana waliofundishwa na Waprotestanti, wengine na Wakatoliki, kulikuwa na Waislamu, na kulikuwa na wakuu walioshika dini ya mababu. Kiswahili kilisikika humo kwa sababu ya wafanyabiashara kutoka pwani na Unguja, na wasomi wa mwanzo wa Buganda walianza kusoma maandiko kwa Kiswahili kabla ya kupata ya Kiganda. Pwani nako Wajerumani walikuwa wakikusanya mikataba, na habari hizo zilifika Mengo.

Katikati ya hofu hiyo ndipo Mwanga alipoamuru ziwa lichimbwe. Nia, kama Waganda wanavyoisimulia hadi leo, ilikuwa kuliunganisha kwa mfereji na Ziwa Victoria, ambalo wao huliita Nnalubaale. Siku ya hatari Kabaka angeingia mtumbwini karibu na kasri na kutoka bila kukanyaga barabara. Kutoka Mengo hadi ufuko wa Munyonyo ni kilomita 9 au 10 kwa mstari ulionyooka, na katikati kuna vilima na mabonde ya matope. Mfereji haukukamilika. Ziwa likabaki.

Kazi ilifanywa kwa majembe, vikapu na mikono. Wakuu walitakiwa kuleta watu wao na wao wenyewe kuingia matopeni, na aliyechelewa alitozwa faini. Kwa mkuu wa Buganda aliyezoea kuheshimiwa, kuonekana ameloa tope mbele ya watu wake ilikuwa fedheha isiyosahaulika. Kinyongo hicho kilijumlishwa na vingine: mauaji ya wafuasi wa dini mpya kuanzia 1885, na hofu ya kila kundi kwamba zamu yake inakuja. Septemba 1888 ilienea habari kwamba Kabaka anataka kuwapeleka vijana wa Kikristo na wa Kiislamu kwenye kisiwa na kuwatelekeza huko. Walikataa kupanda mitumbwi, wakaungana, wakampindua.

Alikimbia kwa maji kweli, lakini kwa kuvuka Nnalubaale kuelekea kusini, hadi Magu na baadaye kwa mapadri wa Bukumbi, katika mkoa wa leo wa Mwanza. Ndiyo maana naona ziwa hili ni mahali muhimu kuliko linavyoonekana: njia ya kutorokea ilikuwa mojawapo ya sababu zilizomlazimu mwenyewe kutoroka.

Mwanga alirudi kwenye kiti mwaka uliofuata. Mwaka 1897 aliasi dhidi ya Waingereza, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani na kuzuiliwa Mwanza, kisha akatoroka tena. Alikamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli, na huko akafia mwaka 1903. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme.

Jambo moja la kuweka sawa. Utasoma sehemu nyingi kwamba hili ndilo ziwa kubwa kuliko yote yaliyotengenezwa na binadamu Afrika. Si kweli. Ziwa Volta la Ghana lina kilomita za mraba zipatazo 8,500, na Kariba limepita 5,000. Hayo yalitokana na kuzuia mito kwa mabwawa ya saruji, na la Kabaka ni dogo kiasi cha kulizunguka kwa macho. Thamani yake ni kwamba lilichimbwa kwa majembe, na hiyo inatosha.

Hatua ya pili: hati, fedha na msimu

Mkenya na Mnyarwanda wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti. Anayetoka Ulaya, Marekani au Ghuba na pasipoti ya huko aombe viza kwa mtandao kabla ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, maana huulizwa.

Badilisha fedha kwenye maduka rasmi ya kubadilishia, na uwe na noti ndogo ndogo za shilingi za Uganda kwa ajili ya nauli, kiingilio na chakula. Laini ya simu ya Uganda yenye huduma ya fedha itakurahisishia mambo, lakini isikufanye uache fedha taslimu.

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba mvua huwa nyingi, na ukingo wa ziwa hugeuka utelezi. Ukienda wakati huo vaa viatu vyenye meno. Panga siku ya kazi badala ya Jumapili ili ukute ofisi za Bulange ziko wazi, na uanze mapema, saa tatu asubuhi, kabla jua halijakaza.

Hatua ya tatu: fika Mengo

Ukiwa katikati ya jiji una njia tatu. Kuna taksi, ambayo Kampala ni ile gari ndogo ya abiria 14 ambayo Mtanzania angeiita daladala na Mkenya matatu. Uliza gari linalopita Mengo na umwambie konda mapema akushushe Bulange. Kuna bodaboda, nyepesi kwenye foleni. Tumia za programu ya simu ili bei ijulikane kabla, na usipande bila kofia ngumu hata kama dereva anakwambia ni hapo tu. Na kuna gari la kukodi peke yako, ambalo wenyeji huliita special hire. Kwa familia yenye watoto au wazee ningechukua hilo, lakini patana bei kabla ya kufungua mlango.

Anayetoka Bukoba kwa basi kupitia Mutukula na Masaka ana bahati ya kijiografia. Barabara ya Masaka inaingia Kampala kupitia Nateete na Ndeeba, yaani unapita karibu kabisa na ziwa kabla ya kufika mjini. Kama huna mizigo mikubwa, shukia Ndeeba na uchukue bodaboda fupi hadi Bulange. Utaokoa foleni ya kwenda na kurudi. Anayetoka Nairobi kupitia Busia au Malaba huingia upande wa pili wa jiji, kwa hiyo alale kwanza, aende Mengo kesho yake.

Hatua ya nne: anzia Bulange

Bulange ni jengo la Bunge la Buganda, yaani Lukiiko, lililojengwa katika miaka ya 1950 wakati wa Kabaka Mutesa II. Hapa ndipo uulizie tiketi na mwongozaji wa kuzungukia jengo na kasri. Uliza bei kwa wote waliomo kwenye msafara wako, uliza tiketi inajumlisha nini, na chukua risiti. Mweleze mwongozaji tangu mwanzo kwamba unataka kumalizia ziwani. Wengi huishia Lubiri kwa sababu wageni hawaombi zaidi.

Hatua ya tano: tembea barabara ya Kabaka Anjagala

Kutoka Bulange hadi lango kuu la Lubiri kuna barabara iliyonyooka ya maili moja hivi, yenye miti na alama za miiko (totemu) ya koo za Buganda pembeni. Itembee kwa miguu. Soma majina ya koo na wanyama wao, maana Mganda atakayekuongoza huenda akakuonyesha mwiko wake kwa fahari, na hapo mazungumzo yanafunguka kuliko kwa swali lolote la historia.

Katikati ya barabara kuna mzunguko uitwao Nnantawetwa. Magari yote na watu wote huzunguka pembeni. Kabaka peke yake ndiye hupita katikati, kupitia lango linalofunguliwa kwa ajili yake, kwa kuwa mfalme hakunji njia. Usijaribu kukatiza hapo kwa ajili ya picha.

Simama hapo utazame mbele na nyuma. Mbele kuna kasri juu ya kilima, nyuma kuna Lukiiko juu ya kilima kingine. Utawala wote ulionyooshwa ili uonekane, na ziwa lilifichwa bondeni, upande ambao mgeni wa heshima hakutarajiwa kupita.

Hatua ya sita: ingia Lubiri

Lango kuu huitwa Wankaaki. Ndani kuna uwanja mpana wa majani, na katikati jumba la Twekobe. Huingii ndani ya jumba, unalitazama kwa nje, na inatosha. Muulize mwongozaji habari za Mei 24, 1966, siku jeshi la serikali ya Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilipoishambulia Lubiri. Mutesa II aliponyoka na kufika Uingereza, akafia London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zilifutwa. Zilirudishwa mwaka 1993, na Ronald Muwenda Mutebi II, kitukuu cha Mwanga, akatawazwa Julai 31 mwaka huo huko Naggalabi, Buddo. Katika sheria ya mwaka huo ya kurudisha mali za watawala wa jadi, ziwa la Kabaka limetajwa kwa jina miongoni mwa mali zilizorudishwa. Kwa hiyo unapokwenda kuliona, unakwenda kwenye mali ya mtu na ya ufalme ulio hai.

Ndani ya uwanja huohuo kuna handaki la saruji la wakati wa Amin, lililotumika kufungia na kutesea watu. Ni giza, kuta zina maandishi ya waliokuwemo, na waongozaji husimulia jinsi maji ya mlangoni yalivyotiwa umeme ili asitoke mtu. Ukiwa na watoto wadogo, waache juu na mtu mzima. Ingia kwa ukimya na uache simu mfukoni isipokuwa umeruhusiwa.

Hatua ya saba: shuka ziwani

Ukitoka Lubiri, fuata barabara inayozunguka uzio wa kasri kwa upande wa magharibi, kisha uteremke kuelekea Ndeeba. Kwa mwendo wa polepole ni nusu saa hivi. Ukiuliza njia, sema Nnyanja ya Kabaka. Kwenye ramani ya simu lipo kwa jina la Kiingereza, Kabaka's Lake, na madereva wa bodaboda wanalijua kwa majina yote mawili.

Angalia ardhi unavyoshuka. Hapo juu ni kasri, udongo mkavu na upepo. Kadiri unavyoteremka hewa inakuwa nzito, udongo unalainika, mifereji ya maji ya mvua inaongezeka. Aliyechagua mahali hapa aliijua nchi. Maji ya vilima yanashuka hapa yenyewe, na watu walichimba mahali ambapo bonde lilikuwa tayari kuyapokea.

Ukingoni, mtafute kwanza anayesimamia mahali hapo. Msalimie, jitambulishe, uliza kama kuna kiingilio, na ukilipa omba risiti. Kisha tembea taratibu ukingoni badala ya kusimama sehemu moja. Utaona ndege wengi: yangeyange weupe, kwarara, mnandi akikausha mabawa, mdiria akivizia samaki, na yule korongo mkubwa mwenye kipara ambaye Kampala nzima inamwita kalooli. Asubuhi mapema na kuanzia saa kumi jioni ndipo wanapokuwa wengi. Mwenye darubini aibebe.

Sitaki uje ukitarajia bustani. Ziwa limezungukwa na jiji lililosongamana, maji ya mitaa na taka hushuka nayo, na magugu hurudi kila yanapoondolewa. Inaniuma kuona mahali pa kumbukumbu kubwa kama hii pakibeba chupa za plastiki. Mgeni anaweza kusaidia kwa jambo dogo: asitupe kitu, na chupa yake arudi nayo mjini.

Usiogelee. Maji si safi, hatari ya kichocho ipo, na kingo zilizochimbwa hushuka ghafla. Watoto washikwe mkono wakati wote. Ukikuta mtumbwi wa kukodi, usipande bila jaketi la kuokolea linalokutosha, na usikubali mtumbwi kujazwa watu kwa sababu maji yametulia.

Kwa picha, jua la asubuhi liko mashariki, upande wa Lubiri, kwa hiyo ukitaka kilima cha kasri kiwe nyuma ya maji, piga alasiri. Wavuvi na wanaofua nguo wana haki ya kukataa kupigwa picha. Waombe kwanza. Askari na polisi usiwapige kabisa.

Adabu na lugha

Mavazi yawe ya heshima. Kwa mwanamke, sketi au gauni refu ni salama zaidi, na beba kanga au kitenge cha kujifunga. Ukiunganisha safari na makaburi ya Kasubi utakihitaji.

Kiswahili chako kitaeleweka na wengi, lakini usianze nacho. Kwa wazee kadhaa wa Buganda Kiswahili kinawakumbusha askari wa vizuizini katika miaka mibaya, na sauti ya amri. Anza kwa Kiganda, hata kama ni maneno mawili: asubuhi sema wasuze otya, alasiri osiibye otya, ukimwita mwanamume ssebo na mwanamke nnyabo, na shukrani ni webale. Usifanye haraka kwenye salamu, maana Waganda hawaipiti. Baada ya hapo wengi watakuuliza umetoka wapi na wao wenyewe watahamia Kiswahili.

Kumtaja Mwanga kunahitaji uangalifu. Kwa Mkristo wa Namugongo, walikouawa wafiadini wengi, ni mfalme aliyeamuru wachomwe, kwa mwingine ni kijana aliyepigana na Waingereza hadi akafia ugenini, na kwa ukoo wa kifalme ni babu. Uliza, sikiliza, usihukumu kwa sauti ukiwa juu ya ardhi yao. Kabaka wa sasa hutajwa kwa heshima ya Ssabasajja.

Chakula na usalama Ndeeba

Ndeeba ni mji wa mbao na vipuri vya magari, una kelele na foleni, na una chakula kizuri cha bei ya kawaida. Agiza rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, au kikomando, chapati iliyokatwa na kuchanganywa na maharage. Mwenye muda akae kwenye mgahawa wa Mengo ale luwombo, yaani mchuzi uliopikwa ndani ya majani ya mgomba, na matooke, ndizi za kupikwa. Kunywa maji ya chupa. Simu usiishike mkononi kwenye foleni ya Ndeeba na Katwe, hasa ukiwa juu ya bodaboda au karibu na dirisha la taksi. Ondoka eneo la ziwa kabla ya giza.

Ukibaki na muda: Munyonyo

Hii ndiyo sehemu ninayoipendekeza kuliko nyongeza zote, kuliko hata maduka ya mjini. Kodi gari kutoka Ndeeba hadi Munyonyo, mahali mfereji ulipokusudiwa kufika. Mwanga alikuwa na makao huko kando ya Nnalubaale, na alipenda mitumbwi na uwindaji wa majini. Mei 26, 1886 waliuawa hapo na jirani yake Denis Ssebuggwawo, Andrea Kaggwa na Ponsiano Ngondwe, na leo pana kanisa na eneo la hija ambalo Papa Fransisko alilitembelea Novemba 2015. Kuingia ni kwa heshima ya ibada, kwa hiyo angalia ratiba ya misa usije ukakatiza watu wakisali.

Ukimaliza kanisani, teremka hadi ufukoni. Njiani kutoka Ndeeba hesabu vilima na mabonde ambayo gari linapanda na kushuka, ukikumbuka kwamba kila kimoja kilipaswa kukatwa kwa jembe. Rudi mjini ama kabla ya saa kumi jioni ama baada ya saa mbili usiku, kwa sababu kati ya hapo foleni ya kutoka Munyonyo hadi katikati ya Kampala inaweza kula muda wako wote wa jioni.